Bolti ya Tatu Kutoka Kushoto

Waraka umeingia alfajiri, kurasa nne,
hauna salamu, hauulizi habari za nyumbani.
Namba, tarehe, kisha neno limekaa peke yake
kama jiwe la Kapripointi:
LAZIMA.

Ndege za aina hii, injini moja, viti kumi na viwili,
zisiruke tena, hata safari moja,
mpaka bolti nne za bawaba ya mkia
zifunguliwe, zioshwe, zipakwe rangi ya kusaka nyufa.
Hasa ya tatu kutoka kushoto.

Sisi tunayo moja ya aina hii. Moja tu.
Imesimama pale juani, tumbo limeshajaa mizigo.

Bosi Lukumbuzya amekuja na funguo za gari mkononi.
"Nkwimba, bolti hiyo si uliikaza mwenyewe mwezi wa nne?"
Niliikaza.
"Ina ufa?"
Sijui.
"Basi ufa usioujua haupo."
Nikamwambia, bosi, waraka haukuuliza ninachokijua.

Mchuuzi wa mabondo ananihesabia hasara kwa vidole,
magunia yake mawili yananuka hadi kwenye ngazi.
Nesi amekumbatia kisanduku cha barafu.
Na yupo mama mmoja, kanga ya msiba begani,
haulizi kitu. Ananitazama mikono tu.
Angenitukana ningefanya kazi upesi zaidi.

Nimefungua kifuniko cha mkia.
Wadudu wa ziwani, wale wapandao kutoka majini kama moshi,
wamelala humo usiku kucha, maelfu, wamekufa.
Nawakumba kwa kiganja. Wanaacha unga.

Ukurasa wa pili, mstari wa sita:
*Tukio moja limeripotiwa.*
Tukio.
Nimelisoma mara tatu, nimelala chali, tochi mdomoni.
Hawakusema wapi. Hawakusema wangapi,
wala kama walikuwa wanakwenda harusini au mnadani.
Lakini fundi alikuwepo.
Mahali fulani yupo mtu, simu ilimkuta anakula,
akaacha tonge kwenye sahani,
na hadi leo akisikia spana ikianguka sakafuni
anasimama.
Jina lake silijui. Lugha yake siijui.
Ninachokishika hapa, chenye muhuri na sahihi ya wakubwa,
ni usingizi wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Walikuwa wanakaa chini.
Juu ya maji, kati ya hapa na Bukoba,
ukuta utaujengea wapi?

Nimepaka nyekundu, nimefuta, nimenyunyiza unga mweupe.
Sasa ni kungoja dakika kumi.
Ufa kama upo, nyekundu itarudi yenyewe,
itachora mstari mwembamba, kama damu kwenye bandeji.
Makorongo wanatembea juu ya bati,
kucha zao kwa-kwa-kwa, kama makarani.
Upande wa Ukerewe wingu linajipanga.

Ya kwanza, nyeupe.
Ya pili, nyeupe.
Ya tatu nimeigeuza na kuigeuza,
nimeipeleka mlangoni penye jua,
karibu niiombe initobolee siri.
Nyeupe kama ugali wa sherehe.
Ya nne pia.

"Si nilikwambia?" Bosi anacheka, anapiga bawa kofi.
Sikumjibu. Nilikuwa naandika kitabuni:
*Zimekaguliwa. Nyufa hakuna.*
Jina, namba ya leseni, saa kumi na robo.

Maziko yalikuwa saa kumi.
Yule mama aliondoka mapema, sikumwona akiondoka,
aliacha chupa ya maji chini ya benchi, imefunguliwa, imejaa.
Kiti namba saba kimeruka kitupu.
Nimeupekua waraka wote
kutafuta mahali pa kuandika hilo.

Ukurasa wa nne: *rudia kila baada ya saa mia moja za angani.*
Kutoka hapa hadi Bukoba ni dakika arobaini na tano,
kwenda tu.
Piga hesabu mwenyewe.